Tupake Nini Mlingoti wa Jahazi: Vanishi, Mafuta au Rangi?

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu alinipigia simu kutoka Muscat. Baada ya shikamoo na kuulizana hali za nyumbani, akaniambia kwamba yeye na wenzake watatu wamenunua mashua ya zamani kule Sur, wamepata fundi akaitengeneza, na sasa imebaki kusimamisha mlingoti mpya na foromali yake. "Mjomba," akasema, "wewe uko London. Tununulie vanishi nzuri ya Wazungu, ile inayong'aa kama kioo. Pesa tutakurudishia."

Nikamwambia asubiri kidogo. Vanishi naweza kumnunulia, duka liko mwendo wa basi moja tu kutoka ninapokaa. Lakini yale maneno ya kung'aa kama kioo yalinirudisha kwenye siku moja ambayo sipendi sana kuikumbuka, nikaona bora nimjibu kwa maandishi. Na kwa kuwa najua wako wengi huko Ghuba, na wengine Unguja, Lamu na Mombasa, wenye mashua za wazee wao, nimeomba jibu lichapishwe hapa lisomwe na wote.

Kwanza niseme mimi si fundi wa majahazi. Kazi yangu maisha yote ilikuwa ukarani. Ila tangu nistaafu, miaka kumi na moja sasa, nimekuwa nikishika daftari la kikundi kidogo cha wazee tunaotunza mashua moja ya mbao katika gati la Mto Thames, upande wa mashariki ya London. Wenzangu wanapiga randa na kupaka. Mimi naandika: kimenunuliwa nini, kimepakwa wapi, tarehe gani, na nani. Yote nitakayoyasema nimeyapata kwa kuwasikiliza mafundi na kwa kulisoma daftari lile nyuma na mbele.

Mlingoti wetu ulikuwa wa msonobari, mti mmoja mzima, na ulikuwa fahari yetu. Kila masika tulipiga msasa mwembamba, tukaongeza mikono miwili ya vanishi juu ya ile ya zamani. Watalii walikuwa wakisimama kuupiga picha. Na mimi kila mwaka niliandika mstari mmoja: "Mlingoti, hali nzuri." Niliandika hivyo mara tisa.

Mwaka wa kumi tulialika watoto wa skuli moja ya jirani tuwatembeze mtoni. Kwa ajili ya bima ikabidi aje mkaguzi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mkononi alikuwa na nyundo ndogo ya mbao. Akaanza kugonga mlingoti kutoka chini kwenda juu, akipanda kwa kiti cha kamba. Ko, ko, ko, sauti kavu kama ya mlango mzuri. Alipofika kwenye ile pete ya chuma inayoshika kamba za pembeni, sauti ikabadilika ikawa kama mtu anayegonga boga. Akatoa kisu, akakisukuma kwa kidole gumba tu, nacho kikaingia mpaka kwenye mpini. Chini ya ile vanishi inayong'aa mlikuwa na unga wa kahawia, umelowa. Watoto walikuwa waje Jumamosi ile.

Hatukuwatembeza. Na mimi nilirudi nyumbani nikalifungua daftari, nikaiangalia ile mistari yangu tisa.

Anayedhani nakuza mambo aulize yaliyotokea Uholanzi. Tarehe 21 Agosti 2016, jahazi la kitalii liitwalo Amicitia lilikuwa linakaribia bandari ya Harlingen, mlingoti wake ukavunjika juu na kuangukia sitaha. Wajerumani watatu waliokuwa matembezini wakafa. Uchunguzi ukaonyesha kwamba mti ulikuwa umeoza kwa ndani. Miaka sita baadaye, 2022, katika bahari ileile, ukavunjika mti unaoshika sehemu ya chini ya tanga katika jahazi jingine, ukamuua msichana wa miaka 12. Kwa hiyo swali la nini cha kupaka si swali la urembo.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Mti uliosimama nje una maadui wawili, jua na maji ya mvua, na kila kimoja kinaua kwa njia yake. Jua lina miale isiyoonekana kwa macho, ambayo inavunja lignini, yaani ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Mti unakuwa wa kijivu, nyuzi zinasimama kama manyoya, lakini uharibifu huo ni wa juu juu, unaweza kuuondoa kwa randa. Maji ya mvua ndiyo mabaya zaidi. Mbao ikikaa na unyevu unaozidi sehemu 20 katika 100 ya uzito wake ikiwa kavu, kuvu inayoozesha inapata nafasi ya kuishi, na kuvu hiyo inakula kutoka ndani. Maji ya bahari hayana ubaya huo, kwa sababu chumvi inaichukiza kuvu. Zamani wajenzi wa meli za mbao walikuwa wakijaza chumvi ya mawe kati ya mataruma ili zisioze. Ndiyo maana utaona jahazi limeloa maji ya bahari miaka arubaini mkuku wake mzima, na huku juu, pasipofikiwa na mawimbi, kichwa cha mlingoti kimeoza kwa mvua.

Hapa ndipo London na Muscat zinapoachana. London kwa mwaka inapata mvua kama milimita 600, ambayo si nyingi ukilinganisha na Pemba au Zanzibar, lakini inanyesha kidogo kidogo miezi yote kumi na miwili, na katikati yake ni ukungu na umande. Mti haupati siku ya kukauka. Muscat inapata kama milimita 100 tu, lakini jua lake, nyinyi mlioko huko hamhitaji kuelezwa na mtu wa London. Anayeokoa mlingoti hapa anapigana na maji. Anayeokoa mlingoti Sur anapigana na jua kwanza, halafu na ile siku moja ya mvua kubwa ambayo maji yake yanaingia kwenye nyufa zilizofunguliwa na jua. Dawa ya mmoja haiwi lazima dawa ya mwingine.

Tuanze na vanishi, maana ndiyo aliyoniomba mpwa wangu. Na kabla sijaisema vibaya, niseme kwamba vanishi ni kitu chetu. Vijana wengi hawajui hili. Vanishi bora kabisa za karne ya kumi na tisa, zilizopakwa magari ya farasi ya mabwana wa London na mbao za mashua zao, zilitengenezwa kwa sandarusi ya Zanzibar. Ilichimbwa Mrima, ng'ambo ya Unguja, utomvu wa msandarusi uliokaa ardhini muda mrefu mno mpaka ukawa mgumu kama jiwe, na juu yake una vipele kama ngozi ya bata bukini aliyenyonyolewa. Ikaletwa Unguja, ikasafishwa, ikauzwa kwa wafanyabiashara wa Salem huko Marekani, wa Hamburg na wa hapa London. Tangu mkataba wa Sayyid Said na Wamarekani wa mwaka 1833, sandarusi ilikuwa pamoja na pembe na karafuu katika mizigo mikubwa iliyotoka bandari yetu. Daktari John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, aliwaandikia wataalamu wa mimea wa London kuhusu sandarusi, akaeleza kwamba ile ya ardhini na ile inayotoka mtini leo zinatokana na mti wa aina moja.

Ile mbichi inayotoka mtini wazee waliiita chakazi, na bei yake ilikuwa ndogo kwa sababu ni laini. Wazungu hawakuweza kulitamka neno hilo, wakalipindapinda mpaka likawa jina la punda dume katika lugha yao, na hivyo ndivyo lilivyoandikwa katika vitabu vya biashara: sandarusi ya punda. Nilipolikuta jina hilo mara ya kwanza kwenye kitabu nilicheka peke yangu maktabani mpaka nikatazamwa.

Sandarusi ya kweli ilikuwa ngumu kuyeyuka. Ilichemshwa kwa moto mkali uzidio digrii 300 kabla haijakubali kuchanganyika na mafuta ya kitani ya moto, na viwanda vingi vya vanishi viliungua kwa kazi hiyo. Katika karne ya ishirini wakaja na utomvu wa kutengenezwa kiwandani, wa bei nafuu na usiobadilikabadilika, na soko la sandarusi likafa. Lakini mpango wa vanishi ni uleule: utomvu wa kuleta ugumu na kung'aa, mafuta ya kuleta ulaini. Na katika mpango huo mna jambo la kwanza la kuangalia mtu anaponunua. Mlingoti unapinda kwa upepo, foromali inapinda zaidi. Vanishi ya meza na makabati ina utomvu mwingi na mafuta kidogo, ni ngumu, na ukiipaka kwenye mti unaopinda itapasuka kama ganda la yai. Vanishi ya milingoti ina mafuta mengi ili ifuate mti unapocheza. Ukiona kopo limeandikwa vanishi ya sakafu, hata kama ni ya ghali namna gani, liache dukani.

Ubaya wa vanishi ni uwazi wake. Inapitisha mwanga, na ule mwanga unaipita vanishi na kuipiga mbao iliyo chini yake. Watengenezaji wanatia dawa ya kuzuia miale, nayo inasaidia, lakini dawa hiyo inakwisha kama kizibao cha mvua kinavyochakaa. Siku itakapokwisha, uso wa mbao unalegea, vanishi inaachia, kunatokea doa jeupe au la manjano. Hapa London wenye bidii wanaweka mikono sita au minane mwanzoni, wa kwanza ukiwa umechanganywa na tapentaini ili uzame, halafu wanaongeza mkono mmoja au miwili kila mwaka. Katika jua la nchi za joto inabidi kuongeza kila baada ya miezi mitatu au minne. Nilimwuliza mpwa wangu, nani katika nyinyi wanne atapanda juu ya mlingoti na brashi mara tatu kwa mwaka, baada ya harusi, baada ya watoto, baada ya kuhamishwa kazi Salalah? Akanyamaza. Ndilo jibu lenyewe.

Na ubaya wa pili mmeusikia kwenye kisa chetu. Vanishi ikipasuka padogo tu, pembeni ya bolti au chini ya pete ya chuma, maji yanaingia, lakini hayatoki, kwa sababu ngozi iliyobaki nzima inayazuia yasikauke. Mlingoti unakuwa kama mtu aliyevaa koti la mpira juu ya nguo zilizolowa. Ukitazama kwa mbali unaona mng'aro.

Mafuta ni njia nyingine, na ndiyo njia ya wazee wetu na ya mabaharia wa Thames pia. Mafuta hayatengenezi ngozi. Yanaingia ndani ya mbao, yanazuia maji kiasi, lakini yanauachia mti upumue. Mafuta ya kitani mabichi yanazama sana ila yanachelewa kukauka, na katika unyevu yanaota ukungu mweusi maana kwa ukungu ni chakula. Yaliyochemshwa yanakauka upesi. Hapa watu wengi wanayachanganya na lami ya msonobari inayotoka nchi za kaskazini, Sweden na Finland, na tapentaini kidogo, ikawa rangi ya asali nyeusi yenye harufu ya moshi. Mchanganyiko huo unaiudhi kuvu. Kwa London naupenda. Kwa Muscat, hapana: rangi nyeusi inavuta joto, na lami katika joto la Juni italainika na kuchuruzika kwenye tanga na kwenye kanzu za wageni wenu.

Sifa nayo ni mafuta. Nani katika rika langu asiyeijua harufu yake? Ini la papa lililowekwa kwenye pipa mpaka likayeyuka, kisha likapakwa jahazi zima. Wazungu waliokuja pwani walilalamika sana juu ya harufu ile, nao wamesahau kwamba wenzao wa mashua za mizigo za Thames walikuwa wakipaka matanga yao kwa mafuta ya samaki, udongo mwekundu na maji ya bahari. Ndiyo maana matanga yale ni mekundu mpaka leo. Nimesimama St Katharine Docks karibu na matanga hayo siku ya joto, na kwa dakika moja sikuwa London. Sifa inafanya kazi nzuri, mradi ipakwe mara kwa mara. Hapo ndipo penye siri yake: jahazi lilikuwa na mabaharia wengi, na msimu wa kungojea upepo ulikuwa mrefu. Kazi ya kupaka haikuwa gharama. Nyinyi mna Ijumaa na Jumamosi tu. (Na msichanganye sifa na deheni. Deheni, yaani chokaa na shahamu, ni ya chini ya maji, ya kuzuia chaza na minyoo ya bahari. Mlingotini haina kazi.)

Anayetaka kuona milingoti na foromali zile zilivyofanya kazi, aende siku moja Greenwich. Jumba la makumbusho la bahari, National Maritime Museum, ndilo linalohifadhi picha za Alan Villiers, Mwaustralia aliyesafiri na bumu la Kuwait mwaka 1938 na 1939, kutoka Bara Arabu mpaka Zanzibar na Rufiji kupakia boriti. Ukiziangalia picha za watu wakipandisha foromali utaelewa jambo ambalo fundi wa vanishi hatakwambia: foromali inapanda na kushuka ikisugua mlingoti kila siku. Mahali panaposuguliwa vanishi haidumu wiki mbili, na rangi vivyo hivyo. Pale panahitaji kitu cha kuteleza, shahamu au mafuta mazito, na ngozi ifungwe kwenye foromali pale inapogusa. Meli za vita za Waingereza zilifanya hivyohivyo. Mpishi alienguа mafuta yaliyoganda juu ya sufuria ya nyama, yakapakwa milingoti, na yaliyobaki akayauza kwa faida yake. Mpaka leo Waingereza wakizungumzia fedha za siri za wanasiasa wanatumia jina la yale mafuta ya mpishi.

Rangi, watu wengi wanaidharau kwa sababu inaficha uzuri wa mti. Mimi pia niliidharau. Lakini rangi inafanya jambo moja ambalo vanishi haiwezi: inazuia jua kabisa, kwa sababu haipitishi mwanga. Rangi nyeupe inazidi, maana inarudisha joto, na mti usiopata joto kali haupasuki sana. Rangi nzuri ya mafuta inakaa miaka pale ambapo vanishi inakaa miezi. Ubaya wake ni kwamba inaficha. Ukitaka kujua mti wako uko namna gani chini ya rangi huwezi kuona, lazima ugonge.

Kuna jambo jipya nalo, epoksi. Mafundi wa kisasa wanaitumia kama gundi kwa milingoti ya vipande iliyo na uwazi ndani, na hapo ni nzuri sana. Tatizo ni wale wanaotaka kuuzungushia mti mzima kitambaa cha nyuzi za kioo na epoksi, wakidhani wamemaliza kazi milele. Mti mzima hautulii. Unavimba na kusinyaa, nyufa zake zinafunguka kiangazi na kufunga masika. Ukiufunga ndani ya ganda, ganda litapasuka mahali, maji yataingia, na hapo umeujengea kaburi. Tena epoksi yenyewe haistahimili jua, lazima ifunikwe kwa vanishi yenye dawa au kwa rangi. Kwa hiyo hujaepuka brashi.

Nimetaja nyufa, na watu wengi zinawatisha bila sababu. Ufa unaokwenda na urefu wa mti ni jambo la kawaida, mti wowote wa duara ukikauka unapasuka hivyo, na nguvu yake haipungui sana. Usiuzibe kwa kitu kigumu, maana mti ukivimba utajipasua zaidi. Mimina mafuta ndani yake, basi. Ufa wa kutisha ni ule unaokata mti kwa upana, hata ukiwa mwembamba kama unywele. Huo ukiuona, shusha tanga siku hiyohiyo.

Na sehemu za kuoza zinajulikana. Kuna kichwa cha mlingoti, pale msumeno ulipokata, kwa kuwa mti unakunywa maji kwa mwisho wake kama mrija. Kuna mguu wake, unapokaa ndani ya jahazi ambako maji ya mvua yanateremka na kutuama. Kuna chini ya kila pete ya chuma, na kila tundu la bolti na msumari. Katikati, pale panapopigwa na upepo na panapoonekana na kila mtu, haviozi mara nyingi. Sisi tulikuwa tukisugua na kung'arisha katikati. Daftari linasema wazi: katika miaka tisa hatukuiondoa pete ile hata mara moja, kwa sababu ilikuwa kazi ya siku mbili na iliharibu vanishi.

Hivi ndivyo nilivyomwandikia mpwa wangu mwishowe. Kwa kuwa mlingoti wenu ni wa msaji, na msaji una mafuta yake mwenyewe, mnayo bahati: unaweza kukaa bila kupakwa chochote ukawa wa kijivu na usife. Lakini kama mnataka kupaka, ufutwe kwanza kwa kitambaa chenye tapentaini, maana mafuta yake yanakataa kushika. Sehemu kubwa ya mlingoti ipakwe mafuta, mara mbili kwa mwaka, siku ya kuweka tanga na siku ya kulitoa, ili msihitaji kukumbuka tarehe. Kichwa chote, kuanzia pete ya juu, na mguu, na ncha mbili za foromali zinywe mafuta kwanza mpaka zikatae, ziachwe zikauke kabisa, kisha zipakwe rangi nyeupe, mikono mitatu au minne. Juu ya kichwa mfunike kipande cha shaba au cha risasi kama kofia. Chini ya kila pete mpake lami au mafuta mazito kabla ya kuifunga, na kila mwaka wa pili muifungue. Panaposuguliwa, shahamu na ngozi. Wala msipake mchana wa jua wala siku ya vumbi. Asubuhi baada ya umande kukauka ndiyo saa yake.

Vanishi nikamwambia nitamletea kopo moja dogo. Apake usukani na kijisanduku cha dira, vitu ambavyo mkono unavifikia bila kupanda, na ving'ae kama kioo.

Kuna wengine katika nyinyi mnaoangalia majahazi yaliyowekwa nchi kavu kama kumbukumbu: Sohar, lililojengwa Sur likaenda Uchina mwaka 1980 na 1981, na sasa limesimama kwenye mzunguko wa barabara karibu na hoteli ya Al Bustan, au ghanja Fatah al-Khair pale Sur, lililojengwa mwaka 1951 na kurudishwa kutoka Yemen. Jahazi la nchi kavu halipati maji ya chumvi ya kulihifadhi, wala baharia wa kuligusa kila siku. Milingoti yake inataka kugongwa zaidi kuliko ya jahazi linalosafiri, hasa kama watoto wanacheza chini yake.

Mwisho, vitambaa. Katika skuli ya misheni niliyosoma tulikuwa na karakana, na mwalimu mmoja, bruda mkali, alitufundisha kupaka madawati mafuta ya kitani. Jioni moja vitambaa vilitupwa vikiwa vimekunjwa kwenye pipa la takataka. Usiku karakana ikawaka moto, na hakuna aliyewasha kiberiti. Mafuta ya kitani yanapokauka yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinalifungia joto hilo ndani mpaka kinashika moto chenyewe. Muvianike vitambaa kimoja kimoja nje, au muvitie ndani ya ndoo ya maji. Hilo nimemwandikia mpwa wangu kwa wino mwekundu.

Sisi tulipata mlingoti mwingine baada ya miezi kumi na minne ya kuchangisha. Umepakwa mafuta na una kichwa cheupe, na watalii hawaupigi picha. Katika daftari siku hizi siandiki tena "hali nzuri." Naandika: "Umegongwa tarehe fulani, na fulani, pete zote zimefunguliwa," na chini yake aliyegonga anatia saini.